Mwisho wa mapukutiko ndio wakati wa bustani ya maktaba

Bustani nyingi za maktaba hufungwa pindi jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda kwa baridi, inapoanguka. Nyanya hung'olewa zote kwa mchana mmoja, majani hufagiwa na kujazwa kwenye mifuko, ubaoni huandikwa kwamba tutaonana majira ya kuchipua, kisha mlango wa uani hutiwa kufuli. Mimi ni mtaalamu wa bustani, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzisaidia maktaba za umma kuendesha bustani za jamii. Nikiulizwa ni wakati gani wa mwaka unaostahili nguvu nyingi kuliko wote, nataja wiki hizohizo za mwisho wa mapukutiko ambazo wengi huzitumia kufunga.

Itazame maktaba kwa kile inachokimudu. Inajua kutunza kitu kisiharibike, kuandika kilitoka wapi, kukipanga kipatikane, na kukiazimisha kwa mtu atakayekirudisha. Katika wiki hizi bustani inadai mambo hayohayo: mbegu zimekauka na zinasubiri kuhifadhiwa, habari za mwaka mzima bado zi mbichi vichwani mwa watu, udongo unataka kuwekewa akiba, na zana zilizoazimwa tangu kiangazi zinarudi. Giza nalo linaingia mapema. Watu wanatafuta chumba chenye joto na taa ambamo hakuna anayewalazimisha kununua kitu, na chumba hicho maktaba inacho.

Majani

Naanza na majani kwa sababu hakuna kitu kinachotupwa kwa wingi kama hayo. Mti haupukutishi ovyo. Mchana unapofupika, huvunjavunja klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, na kurudisha kwenye matawi na mizizi takriban nusu ya naitrojeni na fosforasi iliyokuwa ndani ya jani. Manjano iliyokuwa imefunikwa na ukijani huonekana, na katika baadhi ya miti rangi nyekundu hutengenezwa upya kabisa siku hizo za mwisho. Kisha kwenye kikonyo hujengeka tabaka la seli dhaifu, na jani hukatikia hapo. Kinachofika chini ni kitu chenye kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, ndiyo maana lundo la majani makavu peke yake halipati joto kama lundo la mboji. Huoza polepole, kwa kazi ya kuvu kuliko ya bakteria, na huchukua mwaka mmoja hadi miwili kugeuka udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya msituni.

Udongo huo wa majani hauna virutubisho vingi, na si haki kuwaambia watu kwamba ni mbolea. Faida yake ni kushika maji na kulegeza udongo mgumu, na ukichekechwa unafaa sana kuoteshea miche. Tundu la waya lenye upana wa mita moja kila upande linatosha. Jaza, kanyaga, mwagilia kama majani ni makavu, halafu liache. Ukipitisha mashine ya kukatia nyasi juu ya majani kabla ya kuyajaza, muda hupungua sana, kwa kuwa vipande vidogo havigandamani kuwa mikeka isiyopitisha hewa.

Anayetaka mboji ya haraka atahitaji kuyachanganya na vitu vibichi. Kiwango tunacholenga ni kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu 1, ilhali majani makavu huwa kati ya 40 na 80 kwa 1 kutegemea aina ya mti. Kwa kipimo cha ndoo, ndoo mbili au tatu za majani kwa ndoo moja ya maganda ya mboga, mashina mabichi ya mimea iliyomaliza kuzaa au machicha ya kahawa hukuweka karibu na hapo. Lundo la mita moja ya ujazo likichanganywa vizuri hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katikati, hata kama hewa ya nje inakaribia kuganda. Nunueni kipimajoto chenye ncha ndefu ya kuchomeka, kiachwe lundoni, na karibu yake iwekwe karatasi ya kuandika tarehe na joto. Watoto wanaokuja kusoma jioni hupita kwanza huko nyuma kuona leo limefika ngapi. Wanajifunza kusoma mizani, kuchora mstari wa mabadiliko na kuuliza kwa nini lundo lilipoa, bila mtu yeyote kuwaandalia somo.

Mimea yenye ugonjwa haiingii humo isipokuwa una hakika joto hilo linafikiwa lundo zima, na kwa malundo ya watu wa kujitolea hakika hiyo ni adimu. Mabua ya nyanya na viazi yaliyoshikwa na baka jani chelewa yaondolewe bustanini kabisa. Kiazi chenye ugonjwa kilichosahaulika ardhini ni hatari kuliko bua lililokauka, kwa sababu kimelea cha ugonjwa huo huvuka majira ya baridi ndani ya tishu iliyo hai. Chimbueni vizuri.

Kisha kuna majani ambayo napendelea yasiguswe. Nondo na vipepeo wengi hupitisha baridi wakiwa viwavi au pupa katikati ya majani yaliyoanguka, na malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya hulala ardhini, sentimita chache tu chini. Anayefagia kila kona anawafagia na wao. Vilevile mashina makavu yenye uwazi ndani yaachwe yamesimama mpaka majira ya kuchipua, ndipo yapunguzwe yabaki na urefu wa sentimita 20 hadi 60. Wapo nyuki wanaoishi mmoja mmoja ambao hutagia ndani ya mashina hayo. Vichwa vya alizeti vilivyokauka ni chakula cha ndege.

Lakini maktaba ni mahali pa watu wote, na hapo simwungi mkono mtaalamu mwenzangu anayesema acheni kila kitu. Majani yaliyolowa yanateleza. Mlango, ngazi, njia ya viti vya magurudumu na midomo ya mifereji ya maji isafishwe kila siku bila mjadala, na majani hayo ndiyo yajaze lile tundu la waya. Yanayoachwa yaachwe chini ya miti na vichaka, yazungushiwe uzio mfupi wa vijiti, na pawekwe kibao chenye sentensi moja ya kueleza ni akina nani wamelala hapo. Uzio mdogo kama huo humfanya mpita njia aone kwamba hili limekusudiwa. Malalamiko kuhusu uchafu hupungua, na mara nyingi aliyekuja kulalamika huishia kuuliza kuhusu nyuki.

Udongo na kinachopandwa sasa

Udongo uliobaki uchi majira yote ya baridi hupoteza naitrojeni. Naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti huyeyuka na kushuka na maji ya mvua hadi chini ya mizizi, na hairudi. Kwa mashamba, jibu ni mazao ya kufunika udongo. Nafaka ya rai ndiyo yenye uvumilivu kuliko zote, kwa kuwa huota hata udongo ukiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mimea ya jamii ya kunde inayoongeza naitrojeni huhitaji kupandwa mapema zaidi, wiki nne hadi sita kabla ya jalidi kali, kwa hiyo kufikia sasa wakati wake umepita.

Hata hivyo, kwa matuta madogo ya bustani ya maktaba mimi huishauri kamati iachane na rai. Majira ya kuchipua hukua haraka, mizizi yake husukana kama mkeka, na kuing'oa kwa mikono ni kazi inayowachosha watu wa kujitolea wakati wana hamu ya kupanda. Tandazeni majani yaliyokatwakatwa, sentimita 10 au zaidi, juu ya safu nyembamba ya mboji. Nyungunyungu watafanya kilichobaki. Na msitifue udongo uliolowa chepechepe: ukiufinyanga mkononi ukabaki donge lenye kung'aa, mtu yeyote asiukanyage wala kuulima siku hiyo, kwa sababu unashindiliwa na matundu yake ya hewa huzibika kwa muda mrefu.

Zao la kupanda kwa pamoja wiki hizi ni kitunguu saumu, na sijaona shughuli ya bustani inayokusanya rika tofauti kirahisi kama hii. Nusu ya kazi hufanyika mezani, ndani, penye joto. Wazee walioketi huvunja vichwa na kuchambua punje, kubwa upande huu na ndogo upande ule, kwa sababu punje kubwa huzaa kichwa kikubwa. Ndogo huenda jikoni. Ganda la punje lisimenywe. Kisha kundi lingine hutoka nje na kuzipanda, kitako chini na ncha juu, kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 15 kati ya punje na punje.

Hupandwa wiki tatu hadi sita kabla ya ardhi kuganda, ili mizizi ishike lakini majani yasitangulie mno. Baridi yenyewe ni sehemu ya mpango. Kitunguu saumu kisipopata wiki kadhaa za baridi mara nyingi hakigawanyiki kuwa punje. Unavuna donge moja la mviringo. Funika kwa matandazo sentimita 10 hadi 15. Matandazo hayazuii baridi kuingia. Yanazuia udongo usigande na kuyeyuka mara kwa mara, kwa kuwa mwendo huo huzisukuma punje juu na kukata mizizi michanga. Mavuno ni katikati ya kiangazi, majani ya chini yanapokauka.

Kuna sharti moja ambalo silegezi. Vitunguu saumu vya kupanda vitoke kwa mzalishaji wa mbegu aliyethibitishwa kuwa hana magonjwa, wala visiwe vile vya kupikia ambavyo kila mtu amevitoa kwake. Uozo mweupe wa vitunguu huletwa na kuvu ambayo vidonge vyake vidogo vyeusi vinaweza kudumu ardhini kwa zaidi ya miaka 20. Katika shamba la mtu mmoja hiyo ni hasara yake. Katika bustani ya jamii, kichwa kimoja kilicholetwa kwa nia njema kinaweza kuwanyima vitunguu watu ambao bado hawajajua kusoma.

Matunguu ya maua nayo hupandwa sasa. Tulipu huhitaji wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo zitoe ua zuri, na afadhali uchelewe kuzipanda kuliko kuwahi, kwa sababu udongo wenye joto huzidisha ugonjwa wa kuvu unaobabua majani yake. Kina ni mara tatu ya urefu wa tunguu. Wenye ngozi nyepesi wavae glavu, kwani tulipu huwasha vidole. Matunguu ya dafodili yana sumu na yanafanana sana na vitunguu vya kula, kwa hiyo siku ya kupanda yasiwekwe kamwe meza moja na vitunguu saumu, yasiachwe bila lebo, na watoto wanawe mikono kabla ya kushika kitu kingine.

Ikiwa bado kuna sukuma wiki, karoti au pasnipi (mzizi mweupe unaofanana na karoti) matutani, msiharakishe kuvuna. Mimea hii ikipigwa na baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo hushusha kiwango ambacho maji ya ndani ya seli huganda. Mmea unajikinga, sisi tunapata utamu. Andaeni siku ya kuonja karoti zilizovunwa kabla ya jalidi na zilizovunwa baada yake, zikiwa kwenye sahani mbili zisizo na majina. Nyanya za kijani zilizokomaa zitaiva ndani ya nyumba kwa joto la chumba la kawaida. Hazihitaji dirisha lenye jua. Zinaivishwa na gesi ya ethilini ambayo tunda lenyewe hutoa.

Droo ya mbegu

Hapa ndipo bustani na maktaba huwa kitu kimoja. Mwaka 2010 maktaba ya umma ya Richmond, California, ilianza kuazimisha mbegu, na maktaba nyingi zimefuata mfano huo. Utaratibu ni mwepesi: majira ya kuchipua mtu anachukua bahasha, anapanda, anakula, anaacha mimea michache izae mbegu, na mapukutiko anarudisha kiasi. Wengi hutumia makabati ya zamani ya kadi za katalogi, ambayo droo zake zinatosha bahasha za mbegu vizuri sana.

Kwa hiyo wiki hizi ni wiki za marejesho, na wingi wa watu kwenye uzinduzi wa majira ya kuchipua hauonyeshi kama maktaba ya mbegu itadumu. Kinachoonyesha ni nani anapokea mbegu sasa, na anauliza maswali gani. Nina manne ninayotaka yaulizwe kwa kila mfuko unaoletwa.

La kwanza ni aina ya mmea. Maharage, njegere, saladi na nyanya hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi hata kama jirani amepanda aina nyingine. Hizi zipokeeni kwa mikono miwili. Mahindi huchavushwa na upepo kutoka mbali, kabichi na maboga huchavushwa na wadudu, na huwezi kujua baba ni nani. Kwa maboga suala hili linagusa usalama. Boga la kula likichavushwa na boga la pambo au la mwituni, mbegu zake zinaweza kuzaa maboga machungu yenye kukurbitasini, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa na ambayo huleta matapishi na kuhara vibaya. Mimi sikubali mbegu za maboga drooni isipokuwa ua lilichavushwa kwa mkono na kufungwa. Mtu akikasirika, mweleze sababu kwa utulivu, na umfundishe kufunga ua mwaka ujao.

La pili ni kama mmea wa kwanza ulikuwa chotara. Mbegu za chotara zinaota, lakini watoto hutawanyika kila mmoja na sura yake, na anayeazima atadhani amekosea yeye. Kwenye pakiti ya mbegu za dukani tafuta alama ya F1.

La tatu ni ukavu, na hapa ndipo mbegu nyingi hufia. Kanuni inayoitwa ya Harrington inasema kwamba kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia 1, uhai wake ghalani huongezeka takriban maradufu, na vivyo hivyo kila joto linaposhuka kwa nyuzi 5. Hayo mawili yanafanya kazi pamoja, kwa hiyo kupunguza unyevu kidogo na joto kidogo huongeza miaka. Kipimo cha mezani hakihitaji mashine. Haragwe likigongwa kwa nyundo lipasuke vipandevipande, likibonyea halijakauka. Mbegu nyembamba ikikunjwa ivunjike kwa mlio. Mbegu za nyanya huchachushwa kwanza ndani ya maji yake kwa siku mbili au tatu ili ule ute unaozuia kuota uondoke, halafu huoshwa na kuanikwa kwenye sahani. Uchachushaji una harufu kali na ufanyike nje au nyumbani.

La nne ni wadudu, nalo ndilo linalowatia wakutubi wasiwasi, tena wana haki. Fukusi wa maharage hutaga wakati mbegu bado iko shambani, na funza wake hukua ndani ya haragwe linaloonekana zima kabisa. Yupo pia mdudu mdogo wa ghala, Stegobium paniceum, ambaye hula mbegu kavu, viungo na mkate mkavu, na hutoboa jalada na gundi ya vitabu kwa hamu ileile. Mbegu zisizokaguliwa zisipite karibu na rafu. Zikishakauka sawasawa, zitiwe kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana na zikae kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Ukavu hutangulia, kwa sababu mbegu yenye maji ikigandishwa hufa. Na ukiitoa chupa, usiifungue mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya mbegu na kuharibu kazi yote ya kukausha.

Baada ya hapo ni kazi ya kimaktaba. Bahasha ya karatasi, jina la mmea na aina yake, mwaka wa kuvunwa, na maelezo ya aliyeikuza: ilistahimili ukame au la, ilichelewa kuzaa, watoto waliipenda. Maelezo hayo mafupi yana thamani kubwa kuliko picha nzuri ya pakiti, kwani yametoka kwenye udongo na hali ya hewa ya mahali hapo. Mwaka una umuhimu wake pia. Mbegu za vitunguu na pasnipi hudhoofika baada ya mwaka mmoja hivi, maharage na njegere hukaa miaka 3 zikiwa vizuri, nyanya 4 na zaidi.

Kabla ya kutangaza mpango, ulizeni sheria ya mbegu ya mahali penu. Mwaka 2014 idara ya kilimo ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliiambia maktaba moja ya umma kwamba kuazimisha mbegu kunaangukia chini ya sheria ya wauzaji, pamoja na masharti yake ya upimaji na lebo. Ilipofika 2016 idara hiyohiyo ilieleza kwamba ubadilishanaji usio wa biashara haukukusudiwa kuangukia chini ya sheria hiyo. Barua moja ya kuuliza mapema inawaepusha na miaka miwili ya mashaka.

Zana, maji na daftari

Maktaba zinazoazimisha majembe na makasi ya kupogolea zitayapokea yakiwa na udongo na kutu. Osheni, kausheni, nosheni makali, pakeni vyuma mafuta. Mipini ya mbao hupakwa mafuta ya kitani, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikitupwa kimekunjwa ndani ya debe kinaweza kuwaka chenyewe bila cheche yoyote. Ndani ya jengo lililojaa karatasi hilo ni jambo la kutisha. Vitambaa vyote vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke na kukakamaa, au vizamishwe ndani ya maji kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Aliyesimamia shughuli ahakikishe kwa macho yake kabla ya kufunga mlango.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo mipira ya kumwagilia na mapipa ya mvua yamwagwe yote, na bomba la nje lifungwe kutoka ndani kisha liachwe wazi litoe mabaki.

Siku ya kukabidhi zana ndiyo siku ya kuandika. Kila mwenye tuta aulizwe alipanda nini, lini, kilimletea nini, na nini hatarudia. Watu hukumbuka vizuri wakiwa na kikombe cha kitu cha moto na mtu wa kuwasikiliza. Majibu yaandikwe kwenye daftari moja la bustani, na napendekeza daftari hilo lipewe namba na kuwekwa rafuni, kwenye 635, ambapo mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba huweka vitabu vya kilimo cha bustani. Msomaji atakayekuja kutafuta jinsi ya kulima karoti atakuta kitabu cha mtaalamu, na pembeni yake maneno ya jirani yake aliyezilima karoti hizo mita chache kutoka dirishani. Mgawo wa matuta ya mwaka ujao nao ufanyike sasa, wakati anayetaka kujitoa anajijua.

Mbegu zipimwe kabla ya baridi kuisha, ili droo ifunguliwe kwa majira mapya ikiwa na ukweli ndani yake. Chukua mbegu 10 za kila kundi, zipange kwenye karatasi nyororo iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikunje, iingize kwenye mfuko wa plastiki na iweke mahali penye joto la chumba. Kagua kila siku mbili. Zikiota 8, andika asilimia 80 na tarehe kwenye bahasha zote za kundi hilo. Zikiota 5 au 6, bado ziazimishe, lakini andika kwamba zipandwe kwa wingi maradufu. Zikipungua hapo zitoe drooni, kisha mpigie simu aliyezileta umuulize zilivunwa lini na zilianikwa wapi, kwa sababu mara nyingi anazo nyingine nyumbani kutoka mmea uleule.